Mishipa ya Baba Yako

Muyinga, Jumamosi mchana

Zuhura mwanangu,

Usimjibu mtu yeyote mpaka umalize kusoma. Kaa kitandani, mgeuzie mgongo shangazi yako, usome.

Jana mama yako alinipigia simu akasema umeanza kutoa nguo kwenye begi. Akasema shangazi yako Mwajuma amekaa sebuleni tangu asubuhi akikuambia kwamba mtoto wa kike hawezi kuvuka mpaka kwenda Tanzania kusomea uuguzi wakati baba yake ana moyo mbovu. Akasema umekubali. Kwamba kesho badala ya kwenda shule utakuja hapa kunipikia na kunifulia. Nilitaka kukupigia palepale, lakini najijua. Kwenye simu mimi nafoka, wewe unalia, na hakuna neno linalofika. Kwa hiyo leo nimemwomba fundi Butoyi ruhusa ya mchana wote. Nimekaa juu ya mfuko wa saruji, daftari nimeliweka kwenye ubao wa plasta. Dereva wa lori la mchanga anarudi Gitega saa kumi, na ameapa kwamba barua itafika mtaani kwetu Musinzira kabla hujalala.

Mambo ya kuvaa sweta na kufunga mlango wa bweni mama yako amekwisha kukuambia. Mimi nataka kukuambia habari za mishipa yangu, kwa sababu ndiyo inayokuzuia, na hujawahi kuelezwa sawasawa. Hata mimi nilikaa miaka mingi bila kuijua, na kutojua kwangu kulimmaliza mtu tuliyempenda. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo usinisahihishe. Ila hili nalijua vizuri sasa, na naliandika kwa furaha, utaona kwa nini.

Unamkumbuka baba yako mkubwa Rajabu. Ulikuwa na miaka kumi na moja alipofariki. Alikuwa mchinjaji pale sokoni Gitega, mtu wa kicheko, sigara nyuma ya sikio. Kila siku alijikatia kipande cha nundu chenye mafuta, akakichoma, akakimwagia chumvi mpaka kikawa cheupe. Akiniona nakula sombe alisema, "Hamisi, we unakula majani kama mbuzi, ndiyo maana iko mwembamba hivi. Mke wako anakuona kweli ukisimama ubavu?" Watu walicheka, mimi pia. Kichwa kilikuwa kinamuuma jioni na alisema ni jua. Hakupimwa hata siku moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kupimwa.

Na Byamungu unamkumbuka. Yule Mkongo wa Kivu Kusini aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na vitenge upande wa pili wa barabara yetu. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, lakini sikukuu zake tulikula kwake na Idi alikula kwetu. Alasiri ile Rajabu alikuwa amekaa kwenye benchi la Byamungu, na mimi nimesimama hapo tunazungumza. Byamungu akammiminia chai. Unaijua desturi ya nchi yetu: anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi, ili ujue hakuna sumu. Siku hiyo mteja alimwita. Akamkabidhi Rajabu kikombe bila kuonja, akaenda kupima ndagala.

Rajabu alikunywa nusu. Kikombe kikamtoka mkononi. Nikamwona mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia kama kamba, na maneno yanatoka kama uji. Byamungu alirudi mbio.

"Jirani, mpeleke hospitali! Mi niliona hii kwa mama yangu kule Uvira. Ni ya kichwani, mpeleke sasa hivi!"

Nikamjibu, "Nyamaza. Hukuonja."

Neno moja tu hilo, Zuhura. Hukuonja. Watu waliokuwa barabarani wakalisikia, na likawa limekwisha. Hospitali ilikuwa karibu, tungeweza kumbeba kwenye kiti. Mimi, mdogo wake, nilitafuta gari tukampeleka Makebuko, kwa mzee mmoja anayetapisha watu waliolishwa sumu. Siku mbili alimnywesha majani. Mtu ambaye koo limekufa nusu hawezi kumeza, ile dawa ilikuwa inaingia kifuani. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe ili anywe. Tulipomfikisha hospitali siku ya tatu, daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. Rajabu hakufika jioni.

Baada ya mazishi nilisimama mbele ya nyumba ya Byamungu nikamwita muuaji. Vijana walirusha mawe kwenye mlango wake. Wiki haikuisha akahama na mke na watoto, na benchi lake likabaki pale barabarani hakuna anayelikalia.

Na wewe nikakutoa shule mwaka mzima ulee watoto wa marehemu, mjane aende sokoni. Hukulalamika. Ningependa ungelalamika. Ulikuwa unafagia uani huku unasema masomo kwa sauti ili usiyasahau, na mimi nilikuwa nasikia nikapita kama sisikii.

Sasa nije kwangu. Unajua nilikuja Muyinga kwa sababu huku kulikuwa na majengo mengi ya kupiga plasta, na mimi nje ya mwiko sina kazi nyingine. Mwaka jana nikaanza kusikia kitu kifuani kila nikipanda jukwaa na ndoo. Kinabana hapa katikati, kinapanda hadi kwenye taya. Nikitua ndoo na kusimama kidogo, kinaondoka. Nikasema ni kiungulia, ni haya maharage. Nikawa natafuna mkaa kama mjamzito. Butoyi alinicheka: "Hamisi, mtoto unatarajia lini?" Nami nikamwambia, "Nikijifungua nitampa jina lako, maana naye atakuwa mvivu." Miezi sita nilitafuna mkaa, Zuhura. Na kwa sababu kila nikipumzika maumivu yaliondoka, nilijiona mshindi. Sigara sikuacha. Sikumwambia mama yako.

Kisha ikaja ile asubuhi. Tulikuwa tumekunywa uji na kula maharage ya yule mama anayetupikia hapa kazini, Mama Esperansi. Sikuwa nimeinua hata ndoo. Kitu kikanikalia kifuani kama mfuko wa saruji, jasho likanitoka baridi, mkono wa kushoto ukawa mzito, nikaketi mwenyewe mavumbini. Nilijua safari hii hakiondoki. Butoyi akapiga magoti kando yangu.

"Umekula wapi, sha? Nani alikupa chakula?"

Wote wakageuka kumtazama Mama Esperansi.

Nataka ulione hili kama nilivyoliona. Mwanamke yule alikuwa ameshika upawa, na uso wake ukabadilika rangi. Macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea. Nami niliutambua uso huo. Ulikuwa uso wa Byamungu siku ile, nusu dakika kabla sijasema neno langu. Mtu mwingine akasema kule bondeni kuna mama hodari wa kutapisha, tumpeleke, ni karibu. Na kweli, ndani yangu mimi mwenyewe, na maumivu yale, kulikuwa na sauti iliyosema: labda wamekulisha, twende.

Nikamshika Butoyi shati. Nikasema, "Mwacheni mama wa watu. Nimekula sahani moja na nyinyi. Ni kifua. Hospitali, na sasa hivi."

Hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya maishani mwangu, na niliifanya nimekaa chini. Butoyi alinipakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akanishika kama gunia, na njia nzima alikuwa ananitukana ili nisilale. Hospitalini wakanipa aspirini nitafune, wakanilaza, wakanichoma sindano, wakanifunga nyaya kifuani. Moyo wangu ulikuwa umezibwa mshipa mmoja. Sehemu ya nyama yake imekufa na haitarudi. Lakini sehemu kubwa imebaki, kwa sababu niliwahi. Muuguzi alisema hivyo mbele ya kila mtu wodini: "Huyu mzee ameponywa na kuwahi." Nilijisikia kama niliyepewa kombe.

Muuguzi huyo ni msichana wa upande wa Bugendana, amekuzidi miaka michache tu. Siku ya nne nikamwambia anieleze, nisife mjinga. Nikamwambia nadhani mshipa unaziba kama bomba, uchafu unagandamana ndani.

"Mzee, kazi yako ni nini?"

"Plasta."

"Bon, basi we utaelewa kuliko madaktari. Uchafu haukai juu ya ukuta. Unaingia ndani ya ukuta."

Akachukua kipande cha boksi akachora. Mshipa una ngozi nyororo sana upande wa ndani. Damu ikiupiga kwa nguvu miaka na miaka kwa sababu shinikizo liko juu, moshi wa sigara ukiuchoma, sukari ikizidi, ngozi ile inachoka na kuchubuka. Mafuta yaliyomo kwenye damu yanapenya chini yake. Mwili unatuma askari wake kuyala yale mafuta. Wanakula mpaka wanafia humohumo, na mizoga yao inageuka kama uji mzito. Mwili unaufunika uji huo kwa kovu. Miaka inapita, unaongezeka, kovu linaongezeka, ukuta unavimba kuelekea ndani na njia ya damu inakuwa nyembamba. Ukikaa, damu kidogo inayopita inatosha. Ukipanda jukwaa na ndoo, moyo unadai damu zaidi, nayo haipo, ndipo unabanwa.

"Hicho ndicho kiungulia chako," akasema. "Ulikuwa unaupa mkaa moyo ulioomba damu."

Sisi mafundi tukikabidhiwa ukuta wa zamani tunaugonga kwa vidole. Mahali penye sauti ya utupu, plasta imeachana na tofali, unyevu umeingia nyuma. Fundi mwaminifu anapabomoa. Fundi mwongo anapaka rangi juu yake, na ukuta unapendeza mpaka siku unapoanguka. Nikamwambia muuguzi, "Kumbe miezi sita nilikuwa napaka rangi." Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

Kisha akaniambia la mwisho, nami nilitaka ulijue kabla hujafundishwa darasani. Siku ya kuanguka si siku uvimbe unapojaza njia polepole mpaka mwisho. Mara nyingi ni siku lile kovu linapopasuka. Damu ikipita pale inadhani mwili umejeruhiwa, inakimbilia kuganda ili kuziba jeraha, kama inavyoganda ukijikata kidole. Inaganda ndani ya njia yenyewe. Kwa dakika chache njia imefungwa, na nyama iliyo mbele inaanza kufa kwa kukosa hewa. Ikitokea kwenye mshipa wa moyo, ni mimi. Ikitokea kwenye mshipa wa kichwa, au donge likisafiri kutoka kwingine likakwama kichwani, mdomo unapinda na mkono unaning'inia.

Nikamsimulia habari za Rajabu. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kumpima mtu aliye kaburini. Kichwani kuna kuziba na kuna kupasuka, na kwa nje vinafanana, ndiyo maana mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali haraka na asipewe kitu mdomoni, hata aspirini. "Lakini vyovyote ilivyokuwa, mzee, haikuwa chai."

"Una hakika?"

"Ugonjwa huu unajengwa tangu ujana. Kikombe kimoja hakiwezi kufanya kazi ya miaka ishirini kwa dakika moja."

Niligeukia ukutani nikalia, na sikuona aibu. Nililia kwa Rajabu, maana mimi ndiye niliyemshika kichwa. Lakini pia nililia kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilikuwa naishi katika nchi yenye muuaji jirani, na kwa sentensi moja muuaji ametoweka.

Nilipopata ruhusa ya kutembea, safari yangu ya kwanza ilikuwa kumtafuta Byamungu. Nilikuwa nimesikia kwamba yuko hapahapa Muyinga, ana kibanda cha ndagala sokoni. Nilijua muda mrefu. Nilikuwa nazunguka soko lile kwa nyuma nisikutane naye. Siku hiyo nilipita mbele, nikijikongoja na fimbo.

Aliniona kwa mbali. Amezeeka, tumbo limeongezeka. Akaweka mikono kiunoni.

"Ee! Bwana Hamisi! Mi nilisikia umekufa. Nilishasema, basi, angalau nitakula wali wa matanga."

Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha, Byamungu. Hukumuua. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Akahamisha gunia la ndagala, akalirudisha palepale lilipokuwa. Halafu akasema, "Watoto wangu walisafiri njia yote ya kuhama wakiwa wamefunikwa shuka kichwani, wasionekane. Unajua hiyo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua." Akaniketisha. Akaita chai. Ilipokuja akamimina kikombe cha kwanza, akakiinua juu ili soko zima lione, kwa ukali kidogo, na akakipeleka mdomoni aonje. Nikamshika mkono. Nikakichukua kikombe kabla hakijamgusa midomo, nikakinywa chote, kilikuwa cha moto kikaniunguza ulimi, nikamrudishia kitupu.

Akakitazama. "We mtu iko kichaa," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na hii ilikuwa chai yangu, ya kwako ilikuwa inakuja."

Tangu siku hiyo nakula samaki wake bila chumvi kila Jumatano, na ananisema kwa kila mteja kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyekula ndagala akazigeuza dawa.

Sasa nisikilize. Shangazi yako anasema nitakufa ukiwa mbali. Mwanangu, nitakufa siku moja, hata yeye Mwajuma, ingawa yeye atabishana kwanza. Lakini ngoja nikueleze nilivyo leo, si nilivyo kwenye simu ya mama yako. Sigara nimeacha, miezi mitano sasa. Vidonge nakunywa vyote, kila siku, hata siku ninayojisikia vizuri, hasa siku hiyo. Presha yangu inapimwa na yuleyule msichana wa Bugendana, na mara ya mwisho aliwaita wenzake waje kuiona. Ndoo sibebi tena. Butoyi amenipa kazi ya kugonga kuta na kusema wapi pabomolewe, na vijana wananiogopa kuliko mhandisi. Wiki iliyopita nilipanda kilima kutoka sokoni mpaka hospitali bila kusimama. Nilipofika juu hakuna aliyenipigia makofi, kwa hiyo nikajipigia mwenyewe.

Nilipolazwa uliniuliza kwenye simu kwa sauti ndogo, "Baba, na mimi inaweza kuwa ndani yangu?" Nikakukatiza. Nisamehe. Jibu ni ndiyo, inaweza. Baba yako na ndugu yake, damu ni moja. Lakini mimi nilijua nikiwa nimeketi mavumbini, wewe unajua ukiwa na miaka kumi na tisa. Kinachojengwa polepole kinaweza kucheleweshwa polepole, na wengine hakiwafikii kabisa. Umerithi mishipa yetu. Ujinga wetu haukuhusu, ule nimeumaliza mimi, nimeula wote peke yangu.

Na fikiria. Katika mtaa wetu wote wa Musinzira hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye elimu wa kusimama mbele yangu siku ile na kunizuia nisiende Makebuko. Byamungu alijaribu, lakini nani angemsikiliza? Angekuwepo binti wa mtaa aliyevaa nguo nyeupe, tuliyemjua tangu anatambaa, ningemsikiliza. Ningefoka, lakini ningemsikiliza. Ukija hapa kunipikia, nitakula vizuri, na mtu mwingine atabebwa kwenda kutapishwa.

Nilikutoa shule mara moja. Sitakutoa mara ya pili, wala sitakuruhusu ujitoe mwenyewe kwa jina langu.

Rudisha nguo kwenye begi. Kesho gari la kwenda mpakani litapita hapa kabla ya adhuhuri, na husimama kidogo kituoni abiria wanunue ndizi. Nitakuwepo, nimesimama kwa miguu yangu, na Butoyi, na Byamungu, na Mama Esperansi, ambaye amesema atapiga vigelegele mpaka dereva akome. Utaona watu wazima wanavyojiaibisha. Usinihurumie ukiniona nimekonda, suruali ni ya zamani. Na usishuke, Zuhura. Mguu wako usiguse ardhi ya Muyinga, maana nakujua, ukishuka hutapanda tena. Toa mkono wako dirishani niushike. Na gari likianza kwenda, wewe ndiye uachie kwanza.

Baba yako,
Hamisi